Pointi Ishirini na Mbili za Namba Saba

Dada Akoth mpendwa,

Mwalimu wetu wa Kiswahili husisitiza kwamba barua kwa mtu wa nyumbani huanza kwa kumjulia hali, kisha mwandishi hueleza hali yake mwenyewe, ndipo aingie kwenye habari. Nimeanza hivyo mara tatu, na mara zote tatu nimechana karatasi, kwa sababu nikifika pale pa kueleza hali yangu mkono unakataa. Basi nitasema hivi tu. Mama ni mzima. Baba ni mzima, na leo anachomelea lango la mtu wa Ayany. Mimi mwili wangu ni mzima, lakini ninaogopa, na nimekuwa nikiogopa tangu ulipoondoka Januari kwenda shule.

Ninaandika nikiwa nje ya nyumba, nimekalia gunia la makaa ambalo mama hajalifungua. Ni Ijumaa, tumetoka darasani mapema. Kutoka hapa ninaliona bwawa, na kabla ya bwawa mashamba ya sukuma wiki, na kabla ya mashamba mlingoti wako wa mpira wa kikapu. Kikapu bado kipo. Siku hizi hakuna anayekitumia sana isipokuwa Mueni, yule wa kibanda cha nyanya.

Unakumbuka baba alivyokitengeneza? Alichukua chuma cha gurudumu la baiskeli, akakichomelea kwenye bomba, na sisi wawili tukalishika bomba lisimame wima huku yeye akishindilia mawe chini. Nilikuwa darasa la tano. Siku ya kwanza mpira ulianguka mara nne katika sukuma wiki ya yule mama mwenye shamba la karibu, naye akatoka na jembe mkononi.

"Nyinyi watoto! Huo mpira ukirudi hapa tena nitaupika!"

Nawe ukamjibu kwa adabu kabisa, "Sawa mama, ukiiva utuitie supu."

Alicheka mpaka akaliweka jembe chini. Mimi nilikuwa nimeshakimbia na kujificha nyuma ya choo. Ndivyo tulivyokuwa siku zote, wewe unajibu, mimi nimeshajificha.

Ulinifundisha kukaba ingawa nilikuwa ninakufikia kifuani tu. "Usiangalie mpira," ulikuwa ukiniambia. "Angalia kiuno. Mtu anaweza kukudanganya kwa mikono na kwa macho, lakini anakoelekea kiuno ndiko anakokwenda." Sikuweza kukuzuia hata siku moja, lakini nilijifunza kutazama. Nadhani ndiyo sababu ninajua kuandika pointi vizuri kuliko ninavyocheza.

Na kwa kinyozi, unakumbuka? Kinyozi yule wa njia ya kwenda Ayany, aliyechora wachezaji wawili wa Marekani ukutani, vichwa vikubwa kuliko mipira. Tulikuwa tunatoka kanisani. Ndani kulikuwa na wanaume sita wakibishana ni nani kati ya wale wawili anayestahili kupewa tuzo ya mchezaji bora kule kwao mwaka huo. Walikuwa wameona mkanda mmoja tu wa video, lakini walibishana kama mawakili.

"Bora ni mwenye pointi nyingi. Kwisha maneno!"

"Pointi kila mtu anapata akipewa mpira. Wewe uliza nani anampa."

"Buda, wewe huoni. Huyu akiruka anakaa juu kwanza, anafikiria, halafu ndio anashuka."

Ulisimama mlangoni na Biblia yako kwapani ukasema, "Bora ni yule ambaye akitoka uwanjani, timu inaanguka."

Kinyozi alizima mashine ikiwa katikati ya kichwa cha mtu. "Na wewe msichana umejulia wapi hiyo?"

"Mimi ndiye huyo. Njooni kwetu Silanga Jumamosi mwone."

Walicheka wote, isipokuwa yule aliyekuwa amenyolewa nusu. Yeye alilalamika, "Cheka baadaye, jamani, ninaenda kwa wakwe!"

Tukiwa njiani nilikuuliza kama uliamini kweli ulichosema. Uliihamisha Biblia kwenye kwapa la pili. Kisha ukaniambia, "Naamini. Nisipoamini nitabaki hapa kupima makaa kwa mkebe mpaka nizeeke." Wakati huo ilikuwa imepita miaka miwili tangu umalize darasa la nane. Ulikuwa umefaulu, ukaitwa shule ya upili, na ile barua ya kukuita mama aliikunja akaiweka chini ya godoro kwa sababu karo haikupatikana. Hatukuwa tukiizungumzia. Lakini nilijua kwamba kila ulipokuwa unadunda mpira ulikuwa unaifikiria.

Ndipo yakatangazwa mashindano ya Kawangware, ya wasichana, katika uwanja wa kanisa. Msichana ambaye angechaguliwa mchezaji bora angepelekwa shule ya bweni ya wasichana inayosifika kwa mpira wa kikapu, na wafadhili wa kanisa wangemlipia karo miaka yote minne. Ulikuja nyumbani ukikimbia kutuambia. Mama alikaa chini juu ya makaa na rinda lake la kanisani.

Sasa nataka niandike yale yaliyofuata bila kuruka kitu. Wewe unayajua, lakini sijawahi kuyaandika, na nimegundua kwamba jambo lisipoandikwa linakua usiku na mchana ndani ya mtu.

Timu yetu ilikuwa na wasichana wanane na jezi saba. Hapa Kibera hilo halikuwa tatizo kwa mtu yeyote. Anayetoka anavua, anayeingia anavaa, mchezo unaendelea, na kila mtu aliye pembeni anajua namba tatu ya sasa si namba tatu ya awali. Lakini Kawangware walikuwa na kanuni zao: kila mchezaji jezi yake na namba yake, na jina lake kwenye orodha. Kwa hiyo uliandikisha majina saba. Mueni alikuwa wa nane. Ulimwambia aje kushika nguo na maji, naye alikuja, na katika mechi zote za kwanza alishika nguo na maji.

Mechi zile za kwanza zilikuwa zako. Hilo nitalisema mahali popote nitakapoulizwa. Ile timu ya kwanza ilituacha kwa pointi kumi na moja, nawe ukaturudisha mpaka tukashinda, na sikuwahi kukuona ukimfokea mwenzako aliyepoteza mpira. Ulikuwa unampa tena. Watu wa Kawangware walianza kuliita jina lako kabla ya kulijua sawasawa. Walikuita "Akothe".

Mimi nilikuwa nimepewa kazi ya karani wa pointi kwa sababu karani wao hakufika na mwandiko wangu unasomeka. Nilikalia benchi kando ya mstari, karatasi ikiwa juu ya kitabu cha nyimbo. Refa alinionya, "Andika namba ya jezi na pointi. Mambo ya majina usiyaingize, utatuchanganya." Nilifurahi kupewa kanuni iliyo wazi hivyo.

Siku mbili kabla ya fainali uliteleza ukivuka mtaro na mtungi wa maji, goti likagonga jiwe. Ni mimi tu niliyejua. Nililifunga kwa kipande cha leso ya mama, nikakuuliza kama tumwambie kocha. Ulinishika mkono kwa nguvu. "Awuor, shule haitachukua msichana mwenye goti bovu. Ukimwambia mtu yeyote umeniua." Nilikuwa sijawahi kukuona ukiogopa. Nadhani ndipo woga wangu ulipozaliwa. Nilikuwa nikidhani kwamba wewe huna, na nikakuta umekuwa ukiubeba peke yako.

Kocha wetu alikwenda mazishi nyumbani kwao wiki ile, kwa hiyo siku ya fainali wewe nahodha ndiye uliyeongoza timu. Kipindi cha kwanza ulifunga pointi nane. Niliziandika moja moja, na kila uliporuka nilifumba macho kwanza, kisha nikaandika. Wakati wa mapumziko mlikwenda wote nyuma ya tangi la maji la kanisa. Mliporudi jezi yako, namba saba, alikuwa ameivaa Mueni.

Mna kimo kimoja. Wote wawili mlikuwa mmenyoa nywele. Kutoka upande ule mwingine wa uwanja, kwa watu ambao walikuwa wamekuona siku tatu tu, alikuwa wewe. Nawe ulikaa nyuma ya tangi ukiwa umejifunika sweta ya Mueni mpaka mchezo ulipoisha. Niliangalia benchi la refa. Niliangalia karatasi. Namba saba akafunga, na refa akaninyooshea vidole viwili, nami nikaandika saba, mbili. Nilikuwa naandika namba ya jezi na pointi, kama nilivyoagizwa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Mueni alifunga pointi kumi na nne. Tulishinda thelathini na moja kwa ishirini na nane. Chini ya karatasi nikajumlisha: namba saba, ishirini na mbili.

Kule Kawangware wana desturi moja ambayo niliipenda nilipoisikia mara ya kwanza na ambayo sasa ninaiogopa. Mchezaji bora hachaguliwi palepale uwanjani. Hungojwa wiki moja, kisha timu hukutana kanisani mbele ya waamuzi, na hakuna ruhusa ya kumsifu mtu wa timu yako. Kila timu humsemea mchezaji wa timu nyingine. Bwana Mugo, mwenyekiti wao, alieleza kwamba sifa za adui wa uwanjani ndizo zenye uzito. Hivyo wewe ulimsemea Njeri, nahodha wa Kawangware tuliocheza nao fainali, na ulimsemea vizuri. Ulisema hafungi sana lakini kila pointi ya wenzake imepitia mkononi mwake, na kwamba kumpita ni kama kupita kwenye mlango uliofungwa. Watu wa Kawangware walipiga meza.

Kisha Njeri akasimama kumsemea namba saba. Nimeyakariri maneno yake, na wakati mwingine yananijia nikiwa katikati ya hesabu.

"Mimi ndiye niliyemkaba namba saba mchezo mzima," alisema. "Kipindi cha kwanza alinipita kwa kulia. Alikuwa anachechemea kidogo mguu wa kushoto lakini alinipita. Nikasema sawa, nimemjua. Kipindi cha pili nikaziba kulia, akanipita kwa kushoto, mkono wa kushoto, mguu haumsumbui hata kidogo. Mtu wa namna hiyo mimi sijawahi kukutana naye."

Kanisa lilicheka na kupiga makofi. Walidhani ni sifa. Nyuma yangu mzee mmoja alisema, "Kumbe anatumia mikono yote miwili! Huyo mpeni zawadi sasa hivi." Lakini Njeri hakucheka. Aligeuka akaniangalia mimi, karani, macho yake yakatulia usoni pangu.

Bwana Mugo akauliza, "Na karatasi inasemaje?"

Nilisimama. Niliifungua karatasi juu ya kitabu cha nyimbo. Ulikuwa umekaa benchi la mbele, mikono yako imebanwa katikati ya mapaja, huniangalii.

"Namba saba," nikasema. "Pointi ishirini na mbili."

Ni hayo tu niliyosema. Kila neno lilikuwa sahihi, na nilikaa chini nikijua nimedanganya kanisa zima.

Walikuchagua wewe. Mama alilia, baba alimkumbatia mtu asiyemjua. Nami nilifurahi, dada. Usidhani sikufurahi. Nilipotoka nje Njeri alikuwa kwenye ngazi akifunga kamba za viatu.

"Sasa. Wewe ni mdogo wake?"

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akaondoka.

Tangu hapo, kila msichana mrefu anayekuja upande wa Silanga ninadhani ni yeye. Karatasi yenyewe hakuna aliyeidai, nikaificha ndani ya jalada la kitabu cha jiografia. Mtu akigusa begi langu ninalivuta.

Ulipoanza kutuandikia nilitulia kidogo. Mama huniambia nimsomee barua zako mara mbili mbili. Umekuwa wa pili darasani! Aliwaeleza wateja wote, hata wale waliokuja kununua mkebe mmoja tu. Lakini zile karatasi ndogo unazozikunja ndani kwa ajili yangu peke yangu sijamsomea mtu. Ile ya mwezi wa tano uliandika kwamba mwalimu wa michezo anakuuliza mbona hutumii mkono wa kushoto uliosifiwa, kwamba unajifunza kwa siri asubuhi kabla ya kengele, na kwamba goti limefura mpaka soksi haipandi. Kisha ukaandika, "Nikipumzika watajua." Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Unaruka juu ya goti bovu ili ufanane na mtu aliye hapa kwenye mlingoti wa baba, anayefunga kwa mkono wa kushoto bila hata kufikiri.

Sasa nifike kwa Mueni.

Tangu uondoke, kila ninapopita kibanda cha mama yake cha nyanya, yeye huniita. "Awuor, sasa? Dada yako ameandika?" Nikisema ndiyo, huuliza, "Amesema nini?" Nami humwambia habari za chakula na baridi. Hutikisa kichwa, hunipa nyanya moja, nami huondoka. Nilidhani anakukumbuka tu. Jumapili iliyopita nilichoka, nikamwuliza kwa nini huuliza kila mara.

Alinishangaa. "Kwani hakukwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Nyuma ya tangi. Aliniambia, vaa, cheza, usiseme kitu. Akasema akishaingia ile shule atamwambia mwalimu mkuu kuna msichana mwingine Kibera, wa mkono wa kushoto, wamchukue pia mwaka unaofuata. Akasema muhula wa kwanza tu." Alikuwa anapanga nyanya, nne nne. "Muhula wa pili sasa unaisha. Labda ana kazi nyingi."

Hakukasirika, dada. Ningependa angekasirika. Alisema "labda ana kazi nyingi" kama mtu anayemtafutia mwenzake sababu.

Nilikwenda nikakaa chini ya kikapu. Nilijaribu kufanya kama tunavyofundishwa kwenye mdahalo, kuandika hoja za pande zote kabla ya kuchagua. Upande wako niliandika kwamba mechi zote za kabla ya fainali ni zako, kwamba pointi nane za fainali ulizifunga ukiwa na goti lililovimba, kwamba ndiwe uliyetufundisha sote, Mueni pia. Upande wa Mueni niliandika kwamba ulipotoka uwanjani timu haikuanguka, na sababu ni yeye. Upande wa Njeri niliandika kwamba alijua, na alipewa nafasi ya kusema mbele ya watu wote, na alisema kweli kwa namna ya kumwachia mtu mwingine nafasi ya kuimalizia. Mtu huyo alikuwa mimi.

Sikuweza kuamua nani anastahili. Baadaye nikaona kwamba sikuwahi kuulizwa hilo. Kazi yangu ilikuwa kuwapa waamuzi pointi za kila mtu, wao wapime. Niliwapa mtu mmoja ambaye hayupo, mwenye mikono yote miwili na miguu miwili mizima, wakamchagua.

Juzi Bwana Mugo alituma ujumbe shuleni kwetu. Mashindano ya mwaka huu yamekaribia, wananitaka niwe karani tena. Wanakutana kanisani kesho, Jumamosi, na amesema nije na karatasi ya mwaka jana, kwa maana shule yako imeiomba. Hakueleza kwa nini. Mwalimu aliposoma ujumbe huo mbele ya darasa wenzangu walinipigia makofi, nami nikaomba ruhusa kwenda chooni, nikajifungia huko mpaka kengele ikalia.

Nimefikiria kuichoma. Mkaa hapa haukosekani. Nimefikiria kusema imelowa mvua. Nimefikiria kumpelekea Bwana Mugo kama ilivyo, nikae kimya, uendelee kusoma, umalize, uwe mwalimu kama unavyotaka. Ninakuona kabisa ukiwa na chaki. Kisha ninaliona goti lako, na ninamwona Mueni akipanga nyanya nne nne akingojea barua.

Kwa hiyo kesho nitakwenda na karatasi, na pale penye namba saba nitachora mstari katikati. Nane, Akoth. Kumi na nne, Mueni. Nitaeleza jezi saba na wasichana wanane. Nimemwambia Mueni, naye alimaliza kwanza kupanga nyanya, kisha akasema atakuja pamoja nami, kwa sababu wataniuliza nina ushahidi gani, na yeye ana mkono.

Ninajua yanayoweza kutokea. Wanaweza kutunyang'anya kikombe, na wale wengine sita hawatanisemesha tena. Wanaweza kukurudisha nyumbani. Mama anaweza kuikunja barua nyingine na kuiweka chini ya godoro, na safari hii atakuwa anajua ni nani aliyeileta. Ninapofika hapo ninaiweka kalamu chini, kisha ninaiokota tena. Unaona mwandiko wangu ulivyopinda, ule ule waliousifu.

Na wewe unaweza usiniandikie tena. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Lakini kuna kitu kidogo ninachokitumaini, nitakuandikia ingawa sina uhakika. Wewe ni wa pili darasani kwa kichwa chako mwenyewe, na hakuna mtu aliyekuvalia jezi kwenye mtihani. Labda hilo litahesabiwa. Labda mtu mwenye pointi nane za kweli anaweza kupumzisha goti lake, kisha akaomba abaki. Kesho mimi sitaruhusiwa kukusemea, kwa sababu wewe ni wa timu yangu. Desturi yao inataka mtu wa upande mwingine. Njeri atakuwepo. Sijui atasema nini. Ndiyo maana nimekusemea hapa, kwenye barua, ambapo hakuna wa kunizuia: ulikuwa hodari, dada. Ulikuwa hodari kabla ya tangi la maji, na ungeweza kuipoteza tuzo ile ukabaki hodari. Ningependa ungeniuliza siku ile.

Barua hii nitaitia posta kesho nikitoka kanisani. Sitaituma kabla, kwa maana ninajua ungenishika mkono tena kama ulivyonishika siku ile, hata kutoka huko mbali, na ningetii.

*

Jumamosi asubuhi. Nimeongeza sehemu hii haraka. Mama ameniuliza ninakwenda wapi na sare ya shule siku ya Jumamosi. Nimemweleza yote, nikiwa nimesimama, yeye akiwa anafungua gunia. Hakunipiga wala hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu, "Goti lake limefura kiasi gani?" Nilipomwonyesha kwa mikono, alivua aproni, akaosha mikono yake mpaka kwenye viwiko, na sasa anatafuta viatu vyake. Anasema na yeye anakwenda Kawangware. Sijui anakwenda kunitetea au kukutetea. Sijathubutu kuuliza.

Mueni yuko mlangoni. Ananiambia, "Wewe, twende, kabla nibadilishe nia." Amevaa viatu vya mjomba wake na amevifunga kamba mara mbili.

Ukiitwa ofisini kabla ya barua hii kukufikia, natumaini utakuwa umewaambia mwenyewe, hukungoja waulize. Na ukiipata kwanza, nenda moja kwa moja kwa matroni ukamwonyeshe goti, kabla hujanikasirikia. Ukishamaliza hapo, nikasirikie kadiri unavyotaka. Niandikie hata kama ni matusi.

Ninaogopa sana, Akoth. Wananiita, ninatoka.

Mdogo wako wa pekee,
Awuor